Senti kumi nyeupe ya mwaka 1936: shajara ya kutafuta kilicho juu na kilicho ndani

Tororo, 9 Machi 2024: Sarafu tatu kwa shilingi 60,000

Nilikuwa Busia, upande wa Uganda, kwa shughuli nyingine, na kama ilivyo kawaida yangu nikapita kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kale karibu na soko: taa za chemli, pasi za mkaa, redio zilizokwisha kufa, na bakuli la plastiki lililojaa sarafu. Ndani ya bakuli hilo nilichambua sarafu tatu ambazo rangi zake hazikulingana na nilichokuwa nakijua. Mzee alitaja 90,000, nami nikataja 40,000, tukakutana kwenye 60,000 baada ya maneno mengi na chai moja.

Ya kwanza, ambayo ndiyo kiini cha mradi huu, ni senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, yenye tundu katikati na pembe za ndovu kando ya tundu hilo. Ina jina la mfalme Edward VIII, aliyetawala kuanzia tarehe 20 Januari hadi 11 Desemba mwaka huo huo. Sarafu zenye tundu hazikuwa na nafasi ya sura ya mfalme bali jina lake tu, na ndiyo sababu jina lake liliwahi kuingia mifukoni mwa watu wetu ingawa hakukaa kwenye kiti mwaka mzima. Sarafu hiyo si adimu. Ajabu yake ni rangi: ni nyeupe, inayong'aa kama kijiko kipya, ilhali senti kumi zilizotolewa tangu 1921 ni za bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati kidogo na zinki, nazo huwa za kahawia.

Msomaji asiyekusanya sarafu atauliza kuna nini cha kuhangaikia. Kabla ya 1921, senti kumi zilizoandikwa "East Africa & Uganda Protectorates" zilikuwa na tundu vilevile, lakini zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao ni mweupe. Ikiwa mwaka 1936 kipande kitupu cha shaba na nikeli kilijipenyeza kiwandani miongoni mwa vile vya bronzi kikagongwa chapa, basi nimeshika kosa la kiwanda ambalo wakusanyaji hulilipia mara nyingi zaidi ya sarafu ya kawaida. Ikiwa sivyo, nimeshika senti kumi ya kawaida iliyopakwa kitu. Kwa hiyo swali ni moja: je, weupe huu unafika hadi ndani, au umeishia juu?

Sarafu nyingine mbili ni za kusindikiza. Moja ni shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1952 yenye rangi ya dhahabu, na nyingine ni shilingi moja ya Uganda ya mwaka 1987 yenye rangi ya kijivu.

17 Machi 2024: Sumaku na lenzi

Nimenunua lenzi ya sonara yenye kukuza mara kumi kwa shilingi 15,000, na fundi wa simu akaniuzia sumaku ndogo yenye nguvu, ya duara, yenye upana wa milimita 10, kwa 5,000.

Shilingi ya 1987 iliruka na kuganda kwenye sumaku, jambo lililotarajiwa kwa kuwa ni chuma kilichofunikwa shaba. Chini ya lenzi uso wake una vishimo vidogovidogo, na ndani ya kona za herufi yamebaki mabaki mekundu ya shaba. Kipande ambacho hakikupata shaba yake kiwandani hakiwezi kuwa na shaba kwenye kona za herufi, maana shaba hutangulia na chapa hufuata. Sarafu hii ilivuliwa shaba na mtu au na kemikali baada ya kuingia mitaani. Nimeifunga kesi hiyo na sitairudia.

Shilingi ya 1952 haikushikwa na sumaku. Shilingi za kuanzia 1921 hadi 1946 zilikuwa na fedha asilimia 25, na kuanzia 1948 zikawa za shaba na nikeli, kwa hiyo hakuna iliyowahi kutoka kiwandani ikiwa na rangi ya dhahabu. Juu ya ukingo wake, sawa na saa sita ya saa, kuna kovu dogo la kulehemu. Hapo palikuwa na kikuku cha kupitishia mkufu. Ni pambo la shingoni lililochovywa dhahabu, na kilichobaki ni kujua kama dhahabu yenyewe ni ya kweli.

Senti kumi haikushikwa na sumaku pia, hata nilipoitundika kwa uzi na kuisogezea sumaku polepole ili nione kama itavutwa japo kidogo. Hapo niliondoa watuhumiwa wawili: utando wa nikeli wenye unene wa maana ungevutwa, na utando wa kromu kwa kawaida huwekwa juu ya nikeli, kwa hiyo nao ungejionyesha. Watakaorudia jaribio hili wakumbuke kwamba nikeli ikiwa peke yake huvutwa na sumaku, lakini ikiwa robo tu ndani ya shaba, kama ilivyo kwenye sarafu nyeupe nyingi, haivutwi kabisa. Sumaku kukaa kimya hakusemi kwamba nikeli haimo.

Kwa lenzi nilitazama ukuta wa ndani wa tundu, nikauona mweupe, nikafurahi kabla ya wakati. Baadaye nilijisuta, kwa sababu anayechovya sarafu kwa umeme huitumbukiza yote, na tundu nalo hupata utando. Nimeandika pia, bila kuelewa maana yake, kwamba sehemu zilizoinuka ndizo nyeupe zaidi, ilhali kwenye pembe za ndani za herufi E ya EDWARDVS kumebaki ukahawia. Nilidhani ni uchafu.

24 Machi 2024: Densiti, na siku nzima iliyopotea

Wazo lilikuwa rahisi. Kila metali ina densiti yake: fedha 10.49, shaba 8.96, nikeli 8.9, zinki 7.13, bati 7.3, zote kwa gramu katika sentimita moja ya ujazo. Ukijua uzito wa sarafu na ujazo wake, utajua imeundwa na nini bila kuikwaruza. Nilinunua mizani ndogo ya kielektroniki, ya aina wanayotumia masonara, inayosoma hadi gramu 0.01, kwa shilingi 40,000.

Ujazo hupimwa hivi: weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza ili isome sifuri, kisha tundika sarafu kwenye kijiti kilichoegemea nje ya mizani mpaka izame yote bila kugusa chini wala ubavu wa kikombe. Namba inayotokea, kwa gramu, ndiyo ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo, kwa kuwa maji yaliyosukumwa ndiyo yanayoilemea mizani.

Senti kumi ilikuwa na uzito wa gramu 11.08 ikiwa kavu. Ndani ya maji nilipata ujazo wa 1.31, kisha 1.33, kisha 1.29, kisha namba ikaanza kushuka yenyewe mbele ya macho yangu. Kwa 1.31 densiti inakuwa 8.46, ambayo si ya bronzi wala ya shaba na nikeli. Jioni nilikuwa nimejaza ukurasa mzima wa namba zisizokubaliana, nami nimelala nikiishuku mizani.

31 Machi 2024: Makosa mawili yamerekebishwa, la tatu limegunduliwa

Mizani haikuwa na hatia. Kosa la kwanza lilikuwa viputo vya hewa vilivyojificha ndani ya tundu na kwenye herufi, ambavyo huongeza ujazo wa uongo. Dawa yake ni maji yaliyochemshwa yakapoa, pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo ili maji yaishike sarafu. Kosa la pili lilikuwa uzi wa pamba, ambao ulikuwa unayanyonya maji na kuyapandisha juu kutoka kikombeni, ndiyo maana namba ilishuka. Nimeubadilisha uzi kwa unywele mmoja wa waya wa shaba nilioutoa ndani ya kebo ya zamani ya pasi.

Baada ya hapo mizani ilitulia. Nilianza na sarafu ninazozijua: shilingi yangu ya 1942, yenye robo ya fedha, ilitoa densiti ya karibu 9.3, na shilingi nyingine ya 1952 isiyochovywa ilitoa karibu 8.9, sawasawa na inavyopasa. Kisha nikapima senti kumi nyeupe mara tano, na mara zote ujazo ukawa 1.25. Densiti ni 8.86.

Nilishangilia kwa muda wa dakika mbili, kisha nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kununua chochote. Bronzi ya sarafu ina densiti ya karibu 8.86. Mchanganyiko wa shaba na nikeli una 8.94. Mizani yangu inaweza kukosea gramu 0.01 upande wowote, na kosa hilo dogo linaipeleka densiti ya sarafu yangu kutoka 8.79 hadi 8.94. Bronzi imo ndani ya mpaka huo, na shaba na nikeli imegusa ukingo wake. Kwa maneno mengine, nimetumia Jumapili mbili kujenga kipimo kinachoweza kutofautisha fedha na shaba, lakini kisichoweza kutofautisha vitu viwili nilivyovitaka.

Na utando wenyewe je? Nimepiga hesabu ya eneo la sarafu hii, nyuso mbili pamoja na ukingo, nikapata karibu sentimita 16 za mraba. Utando wa fedha wenye unene wa maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ungeongeza gramu 0.017 tu. Senti kumi za kahawia nilizo nazo, zote za miaka ya 1930, zinatofautiana kwa zaidi ya gramu 0.2 kwa sababu ya kuchakaa. Utando mwembamba hauwezi kuonekana kwenye uzito.

7 Aprili 2024: Waya umebadilika rangi

Nilipofungua boksi la vifaa nimekuta kile kitanzi cha waya kilichokuwa kimebeba senti kumi kimekuwa cheupe mahali kilipogusana na sarafu, kiasi cha milimita nne, na kilipokunjwa hapo kikakatika. Nimeamua kwamba nimepata kebo ambayo nywele zake zimepakwa bati, kama zilivyo nyingi, na kwamba kahawia iliyobaki ni sehemu iliyochubuka. Nimechukua kipande kingine.

Naacha ingizo hili kama lilivyo, ingawa sasa linanitia aibu. Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu wiki moja kabla.

14 Aprili 2024: Sumaku inayobembea

Kama uzito hausemi, umeme utasema. Bronzi hupitisha umeme vizuri mara kadhaa kuliko mchanganyiko wa shaba na nikeli. Sumaku ikipita juu ya metali inayopitisha umeme, huzusha ndani yake mikondo midogo inayozunguka, na mikondo hiyo huivuta sumaku nyuma kama mtu anayeshika breki. Kadiri metali inavyopitisha umeme vizuri ndivyo breki inavyokaza. Uzuri wa njia hii ni kwamba utando wa maikroni chache hauna uzito wowote katika breki hiyo. Kinachoshika ni mwili wa sarafu. Ni kipimo cha ndani bila kukwaruza nje.

Niliitundika sumaku kwa uzi wa kushonea wenye urefu wa sentimita 30, nikaiacha ibembee milimita tatu juu ya sarafu, kila mara nikiiachia kutoka umbali uleule, nikahesabu bembea mpaka isimame. Jaribio la kwanza liliharibika kwa sababu niliitundika kwenye mguu wa stuli ya chuma, na sumaku ikawa inakwenda kumsalimu stuli badala ya kubembea. La pili liliharibiwa na msumari uliokuwa ndani ya meza. Mwishowe nilihamia kwenye ubao wa kukatia mboga, uzi ukining'inia kutoka kwenye fimbo ya ufagio iliyolazwa juu ya viti viwili vya plastiki. Mke wangu alinishikia sarafu kwa vidole na kuipanga chini ya sumaku, kwa sababu vidole vyangu ni vinene na vilikuwa vinaugusa uzi.

Wastani wa majaribio sita kwa kila kimoja ni huu. Juu ya ubao mtupu sumaku ilikwenda bembea 74. Juu ya shilingi ya 1952 ya kawaida, ambayo ni shaba na nikeli, bembea 58. Juu ya senti kumi ya kahawia, bembea 27. Juu ya senti kumi nyeupe, bembea 26.

Shilingi ni ndogo kuliko senti kumi na haina tundu, kwa hiyo si haki kabisa kuzilinganisha, lakini pengo kati ya 58 na 26 haliwezi kuelezwa na ukubwa peke yake. Ndani ya senti kumi nyeupe mna bronzi. Ndoto ya kosa la kiwanda imekwisha leo saa kumi jioni, nami siisikitikii sana, kwa kuwa sasa swali limekuwa jembamba: ni nini kilichopakwa juu?

15 Aprili 2024: Pete

Asubuhi mke wangu ameingia sebuleni akinyoosha mkono. "Baba Aisha, ile sarafu yako umeipaka nini?"

Pete yake ya dhahabu ilikuwa na doa jeupe, upande wa kiganja, mahali palepale ilipogusana na ukingo wa senti kumi jana. Tulilisugua kwa kitambaa, halikutoka. Lilikuwa halifanani na uchafu. Lilikuwa kama dhahabu yenyewe imegeuka kuwa fedha.

Metali inayofanya hivyo kwa dhahabu, tena kwa kuguswa tu, ni moja: zebaki. Mara ile nikakumbuka waya uliokuwa mweupe na kukatika, nikakumbuka herufi E yenye weupe juu na ukahawia pembeni. Utando uliochovywa kwa umeme huanza kuchakaa sehemu zilizoinuka, kwa sababu ndizo zinazosuguliwa mifukoni, na hubaki kwenye mabonde. Sarafu yangu ilikuwa kinyume: imepata weupe pale kidole kinapofika, na kuukosa pale kidole kisipofika. Ilisuguliwa kwa mkono. Hata ule utelezi niliousikia nilipoishika mara ya kwanza, kama imepakwa mafuta, sasa una maelezo.

Nilichofanya papo hapo, kwa mpangilio: pete na sarafu nimezitia kila moja kwenye mtungi wake wa kioo wenye kifuniko cha kubana, nikazitoa nje ya nyumba hadi stoo, vipande vya waya vimeingia kwenye mtungi wa tatu, kikombe cha chai nilichopimia ujazo kimestaafishwa, ubao wa kukatia mboga nao haurudi jikoni, madirisha yote yamefunguliwa. Mitungi mitatu, shilingi 6,000. Zebaki hutoa mvuke hata kwenye joto la kawaida la nyumba, na mvuke huo ndio unaodhuru ubongo na figo, zaidi ya kuigusa. Nimeshukuru kwamba katika majaribio yote sikuwahi kuipasha sarafu moto. Yale maji niliyoyachemsha niliyachemsha kabla ya kuyatumia, lakini wiki mbili zilizopita nilikuwa nimeandika pembeni mwa daftari: "jaribu kuichoma kwa kiberiti cha gesi, bati itayeyuka kwa nyuzi 232." Laiti ningeifuata hoja hiyo, ningeivuta zebaki yote kwa pua yangu mwenyewe.

20 Aprili 2024: Kumpigia mzee wa Busia

Nilimpigia simu, nikamsalimu na kumuulizia hali ya nyumbani, kisha nikamuuliza senti kumi ile ilifikaje kwenye bakuli.

"Ile nyeupe? Hiyo ni ya mjukuu wangu," alisema. "Yeye anachimba dhahabu huko. Walikuwa wanachezea ile dawa ya kukamatia dhahabu, wakaona sarafu ikipakwa inakuwa kama fedha. Akaniletea niiuze."

"Lini hiyo, mzee wangu?"

"Wiki ile ile uliyokuja."

Wilaya ya Busia ina wachimbaji wadogo wengi wa dhahabu, na zebaki ndiyo inayotumika kuzikusanya chembe za dhahabu kutoka kwenye mchanga uliosagwa, kisha bonge linalopatikana huchomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Shaba nayo hukubali zebaki kwa wepesi, hasa ikiwa imesuguliwa kwanza, na haihitaji umeme wala moto. Kwa hiyo nilikuwa natafuta kazi ya fundi wa kuchovya wakati nilipaswa kuuliza, siku ileile ya kununua, sarafu ilikuwa inaishi wapi. Swali hilo lingenigharimu sentensi moja.

Nimemwomba mzee amwambie mjukuu wake asiendelee na mchezo huo, na kwamba sarafu nyingine za namna hiyo zisikae ndani ya nyumba wanamolala watoto. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kuna nyingine mbili kabatini na kwamba angezitoa.

9 Mei 2024: Mashine ya eksirei, Kampala

Maelezo ya mzee yananitosha mimi, lakini shajara inataka kipimo. Kuna wanunuzi wa dhahabu Kampala wenye mashine ya mkononi ya eksirei inayotambua metali. Unaielekeza kwenye kitu, nayo baada ya sekunde chache inaandika asilimia. Mmoja wao alikubali kunipimia kwa shilingi 40,000 kwa kila sarafu, baada ya kumweleza waziwazi kwamba moja inashukiwa kuwa na zebaki na kwamba itapimwa ikiwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki. Nauli ya kwenda na kurudi, 70,000.

Senti kumi nyeupe: shaba asilimia 89, zebaki 7, bati karibu 3, zinki chini ya 1. Nikeli haikuonekana kabisa, na fedha haikuonekana kabisa.

Namba hizo zinahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi hudanganyika. Mashine haisomi sarafu nzima. Inasoma tabaka la juu, lenye kina cha maikroni makumi tu kwa metali kama hizi. Utando ukiwa mnene, itasoma utando na kunyamaza kuhusu kilicho chini. Utando ukiwa mwembamba, kama huu, itachanganya vyote viwili na kukupa asilimia ambazo si za utando wala si za mwili. Asilimia 7 ya zebaki haimaanishi kwamba sarafu ina gramu 0.78 za zebaki. Inamaanisha tu kwamba zebaki ipo juu, na kwamba chini yake, karibu sana, kuna bronzi. Bembea za sumaku zilisema habari za ndani, mashine imesema habari za nje, na zote mbili zinapatana.

Shilingi ya 1952 ilionyesha shaba na nikeli kwa wingi, pamoja na dhahabu asilimia 2. Kwa hiyo dhahabu ni ya kweli, lakini ni nyembamba kiasi kwamba mwili wa sarafu unaonekana kupitia kwake. Mpimaji alicheka na kuniambia kwamba thamani ya dhahabu hiyo haifikii ada yake. Hila hiyo ina umri mrefu: mwaka 1883 Marekani walitoa sarafu ya senti tano isiyoandikwa neno "cents", na wajanja wakaichovya dhahabu na kuipitisha kama dola tano. Ya 1987 nilimpa pia, kwa kuwa nilikwisha kuibeba. Ilitoka chuma na shaba kidogo, kama lenzi ilivyosema bure mwezi Machi. Hizo 40,000 nimezitupa.

Jumla ya gharama hadi leo ni shilingi 316,000: sarafu 60,000, lenzi 15,000, sumaku 5,000, mizani 40,000, mitungi 6,000, vipimo 120,000 na nauli 70,000. Anayenifuata anaweza kuacha vipimo viwili kati ya vitatu, na akiwa na subira anaweza kuacha mizani.

8 Juni 2024: Sonara na pete

Nimeipeleka pete kwa sonara hapa Tororo ikiwa ndani ya mtungi wake. Aliitazama, akasema ni kazi ya dakika tano, akanyoosha mkono kuchukua bomba la moto lililokuwa mezani, hatua mbili kutoka kwa kijana wake aliyekuwa anakula mhogo. Nilifunga mtungi kabla hajauchukua. Hakuwa mtu mbaya. Ni kwamba amezoea. Nilimweleza kwamba moto ndio utakaoipeleka zebaki hewani, naye akanijibu kwamba amefanya hivyo miaka yote na bado yu mzima. Hatukukubaliana, nikaondoka bila kulipa kitu.

Ninatafuta sonara mwenye mahali pa kufanyia kazi hiyo nje, kwa chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke. Mke wangu anavaa pete ya shaba kwa sasa, na ameniomba niandike hivyo humu.

24 Agosti 2024: Weupe unaondoka

Nimeifungua stoo, nikasimama nje upande upepo unakotoka, nikavaa glovu za mpira, nikaitoa senti kumi kwa dakika moja tu ili kuipima na kuitazama.

Uzito ni gramu 11.06. Umepungua gramu 0.02 tangu Machi, ambayo ni hatua mbili za mizani yangu, kwa hiyo sitaapa kwa namba hiyo. Lakini nimepiga hesabu kwamba maikroni moja ya zebaki, yenye densiti ya 13.5, juu ya sarafu yenye eneo hili ingekuwa na uzito wa karibu gramu 0.022. Upungufu huo uko mahali pake.

Ule mng'ao wa kijiko kipya umekwisha. Uso umekuwa wa kijivu kilichofifia, kama bati la paa lililonyeshewa, kwa sababu sehemu ya zebaki imepaa na sehemu imezama ndani ya shaba. Kwenye ukingo wa mguu wa juu wa herufi E ya EDWARDVS, mahali palipokuwa peupe kuliko pote mwezi Machi, kumetokea mstari mwembamba wa kahawia, usiozidi nusu milimita. Kwenye pembe za ndovu bado hakuna kitu.

Nimeirudisha kwenye mtungi, nikaandika juu ya kifuniko kwa kalamu ya wino usiofutika: "ZEBAKI, USIPASHE MOTO." Nitaipima tena mwezi Novemba.